Kabureta Haina Wakili

Katika mji huu pikipiki ikikohoa, hukumu hutoka kabla hujazima swichi: kabureta. Wala hasemi fundi peke yake. Anasema muuza machungwa, anasema kondakta aliyening'inia mlangoni mwa daladala inayopita, anasema mtoto wa darasa la tatu anayesubiri kuvuka barabara. Injini ikigoma kuwaka asubuhi, kabureta. Ikiwaka ikazima, kabureta. Ikitoa moshi, kabureta. Isipotoa moshi, kabureta imeziba. Nimemwona kwa macho yangu mtu aliyekatikiwa na mnyororo, mnyororo wenyewe umelala barabarani nyuma yake, na msamaria aliyesimama kumsaidia akaanza kwa kuchuchumaa upande wa kabureta.

Nimejiuliza kifaa hiki kiliwakosea nini watu. Koili imejificha chini ya tangi, pistoni imefungiwa ndani ya silinda, vali ziko gizani. Kabureta maskini imekaa nje, ubavuni, skrubu zake zinaonekana, na bisibisi yoyote ya bei rahisi inaingia. Nadhani kosa lake ndilo hilo: inafunguka. Kwetu kinachofunguka ndicho kibovu.

Pikipiki yangu ni Honda CG125, ya zamani kiasi kwamba mafundi vijana huisalimia shikamoo kabla ya kunisalimia mimi. Honda walianza kuitoa mwaka 1976, na walikuwa na sababu nzuri. Waligundua kwamba katika nchi nyingi za vumbi na joto mtu hununua pikipiki, akaipakia magunia, akaiendesha miaka, na habari za kubadilisha oili akazisikia kwa majirani tu. Injini zenye kamshafti juu ya silinda, zinazohitaji oili safi, ziliteseka mikononi mwa watu wa aina hiyo. Basi wahandisi wakarudi kwenye mpango wa kizamani: kamshafti ikae chini, vijiti visukume vali kutoka huko, vitu vya kuharibika viwe vichache. Ikatoka injini isiyodai mengi.

Wale mabwana walifikiria tope, walifikiria mizigo, walifikiria oili nyeusi ya mwaka juzi. Hawakufikiria kijiwe cha mafundi cha mtaani kwetu. Wangekifikiria, kabureta wangeifunga kwa riveti.

Mimi niliipata mikononi mwa mstaafu mmoja, ikiwa imekwisha kupitia mengi. Kiti kimeshonwa upya kwa turubai. Taa ya nyuma ni ya pikipiki nyingine kabisa. Vioo havijui kama ni ndugu. Mpira wa ndani ya kifuniko cha tangi umekatwa kwenye tyubu kuukuu na fundi wa pancha, ambaye aliona petroli inaruka nje kila nikipita kwenye matuta, akanihurumia, na hela nilipompa akaikataa. Katika historia yangu yote na mafundi, huyo ndiye pekee aliyewahi kunipa kitu cha bure.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hivi. Natoka Msamvu asubuhi kwenda kutazama kishamba changu cha Mikese, kwenye barabara ya Dar es Salaam. Pikipiki inawaka vizuri, inapanda gia vizuri, haina neno. Napita Nanenane naimba. Nikikaribia Kingolwira, nguvu inaanza kupungua. Nakaza mkono, inavuta kidogo, inakosa, inavuta, inakosa, inakata. Naisukuma hadi chini ya mwembe, nafungua tangi nione kama mafuta yapo. Yapo. Nafunga, napiga kiki, inawaka palepale na kunipeleka mbele karibu umbali uleule, halafu inafanya tena vituko vilevile. Jioni, wakati wa kurudi, hadithi ni ileile, ila miembe inabadilika.

Nikaipeleka kwa fundi wa karibu. Nitamwita Fundi Waya, na sababu utaiona. Ni kijana mpole, mnyenyekevu, anayekuita bosi hata kama umekwenda kwake kwa miguu unasukuma. Sikumaliza sentensi. "Kabureta hiyo, bosi," akasema, na spana ilikuwa imekwisha kukaa kwenye nati.

Akaifungua juu ya gunia. Akachomoa jeti, ile kubwa na ile ndogo, akaziinua juani akiwa amefumba jicho moja. Kisha akanyofoa uzi mmoja wa waya kutoka kwenye kebo ya breki iliyokuwa chini pale, akauingiza kwenye tundu la jeti na kuanza kusugua huku akipiga mluzi.

Hapa lazima nieleze jambo, maana mluzi ule bado unaniuma. Tundu la jeti ndogo ya pikipiki za aina hii halifiki nusu milimita. Wanaozitengeneza hupima upana wake kwa sehemu za mia za milimita, na tofauti ya namba chache tu hubadilisha tabia ya injini nzima. Jeti yenyewe ni shaba, madini laini. Waya wa breki ni chuma kigumu. Ukisugua chuma ndani ya shaba husafishi tundu, unachonga. Jeti ikiziba huoshwa kwa dawa ya kabureta au kwa petroli safi, ikapulizwa kwa upepo wa kompresa. Na kompresa ilikuwepo! Ilikuwa hatua chache kutoka tulipokaa, kijana mwingine anaitumia kujipulizia vumbi kwenye suruali.

Baada ya matibabu hayo pikipiki iliendelea kuzimika kulekule Kingolwira, ila sasa ikawa pia inakunywa mafuta. Plagi ikawa inatoka nyeusi tititi, na masizi makavu juu yake. Plagi nyeusi ya namna hiyo inakuambia petroli imezidi hewa. Ikiwa nyeupe, hewa imezidi. Ikiwa ya kahawia iliyofifia, nenda zako ukalale. Fundi Waya aliitazama ile plagi nyeusi, akatikisa kichwa kwa masikitiko, akaniuzia plagi mpya.

Nikaanza kujisomea habari za mtuhumiwa. Wallahi, kabureta haina ujanja wowote wa kustahili sifa mbaya namna hii. Mwaka 1797 mwanafizikia wa Italia, Giovanni Battista Venturi, alichapisha maelezo ya jinsi kimiminika kinavyoongeza kasi na kupungukiwa na shinikizo kinapopitishwa mahali pembamba. Hewa nayo hufanya hivyohivyo. Karibu miaka mia moja baadaye, mwaka 1893, Mjerumani Wilhelm Maybach akaitumia kanuni hiyo kwenye kabureta ya kurushia mafuta kupitia jeti. Injini inavuta hewa, hewa inapita kwenye koo jembamba, shinikizo linashuka, petroli inafyonzwa kutoka kwenye bakuli la chini na kutoka kwa unyunyu. Ndani ya bakuli kuna boya. Mafuta yakipungua boya linashuka, sindano inafunguka, mafuta yanaingia. Yakijaa linapanda na kufunga mlango. Basi. Hicho ndicho kifaa kinachotuhumiwa kuanzia Msamvu hadi stendi za mikoa yote.

Kinachotakiwa ni kiasi: gramu moja ya petroli kwa karibu gramu kumi na tano za hewa. Kazi imegawanywa vizuri. Ukiwa umetulia au umefungua mkono robo, jeti ndogo ndiyo inayolisha. Ukiwa katikati, ni sindano ndefu inayopanda na kushuka na pistoni ya kabureta. Ukikaza mkono mpaka mwisho, jeti kubwa. Kwa hiyo fundi mwenye nia njema angeniuliza: inakosa ukiwa umefungua mkono kiasi gani? Swali moja tu, na theluthi mbili za kabureta zingeachiwa huru. Hakuna aliyeniuliza.

Aliyefuata nitamwita Fundi Skrubu. Huyu hasafishi. Kwake kusafisha ni kazi ya wanaoanza. Yeye ni wa kutyuni. Aliitegea sikio injini, akanyamaza, akachomoa bisibisi fupi kutoka mfukoni mwa shati, na kuanza kuzungusha: robo kulia, sikiliza, nusu kushoto, sikiliza, funga macho.

Sasa, skrubu hizo ziko mbili. Moja ni ya sailensa tu, inainua pistoni kidogo ili injini isizime unapoachia mkono. Nyingine ni ya mchanganyiko, na hapo ndipo penye mtego. Kwenye kabureta nyingine skrubu hiyo imekaa upande wa chujio la hewa, nayo inapima hewa: ukikaza, petroli inazidi. Kwenye nyingine imekaa upande wa injini, nayo inapima mafuta: ukikaza, petroli inapungua. Mtu anayejua kazi huikaza kwanza taratibu mpaka iguse mwisho, akihesabu mizunguko, ili akishindwa ajue pa kurudi. Fundi Skrubu hakuhesabu. Nilipomuuliza ilikuwa mizunguko mingapi alipoikuta, akaniambia, "Mzee, hii kitu ni ya masikio, si ya hesabu."

Watu wakakusanyika. Bodaboda mmoja akaomba bisibisi naye ajaribu. Mwenzake akasema aliyezungusha sasa hivi amekosea, akarudisha. Wa tatu, aliyewahi kuendesha Mbeya, akatuambia kwamba kule pikipiki za pwani husumbua. Hilo ni kweli. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na kabureta iliyopimwa kwa hewa nzito ya Dar inajikuta inamwaga petroli kuliko inavyotakiwa. Akahitimisha kwamba pikipiki yangu ina ugonjwa wa milima. Nikamuuliza kati ya Msamvu na Kingolwira kuna mlima gani. Akasema ugonjwa ukishaingia hauondoki.

Shemeji yangu, mume wa dada, alikuja na nadharia nyingine. Yeye hana imani na kabureta wala na fundi. Anaamini mafuta yamechakachuliwa. Tumuelewe kidogo. Wenye umri wetu tunakumbuka miaka ile mafuta ya taa yalipokuwa na kodi ndogo kuliko petroli na dizeli, na wajanja wakayachanganya humo, magari yakawa yanalala barabarani. Mwaka 2010 EWURA, wadhibiti wa biashara ya mafuta, walianza kuyawekea mafuta kinasaba ili mchanganyiko ubainike, na mwaka uliofuata serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili biashara hiyo ikose faida. Wanaopikia majiko ya utambi walilia, lakini hayo ni ya safu nyingine. Shemeji hajawahi kutoka katika mwaka ule. Akiumwa tumbo anauliza chai ilichemshwa kwa mafuta gani.

Akafanya kipimo, na kwa haki niseme kilikuwa kipimo kizuri kuliko vyote nilivyofanyiwa mpaka hapo. Alilegeza skrubu ya chini ya bakuli la kabureta, akakinga mafuta kwenye chupa nyeupe, akayaacha yatulie. Maji ni mazito kuliko petroli, kwa hiyo kama yamo hukaa chini na mpaka unaonekana wazi. Tukasubiri. Mafuta yalikuwa masafi, rangi moja kutoka juu mpaka chini. Hapakuwa na maji, wala kutu, wala takataka. Shemeji aliitazama chupa kwa uchungu wa mtu aliyekosa ushahidi.

"Basi wamebuni mchanganyiko mpya," akasema.

Akanipeleka kwenye sheli anayoiamini, akaniambia nijaze mpaka juu. Nikajaza. Na hapa ndipo mambo yalipozidi kuwa ya ajabu, kwa sababu siku hiyo pikipiki haikufika hata Kingolwira. Ilikata mapema kabisa, nikiwa bado sijamaliza wimbo wa Nanenane. Nikirudi na nusu tangi, ilikwenda mbali zaidi. Nikaona wazi: ikiwa imejaa inazimika haraka, ikipungua inavumilia. Nilimweleza shemeji nikidhani ataona kitu. Akaona. Akasema mafuta mabaya ni mepesi, yanaelea juu, kwa hiyo ninayachoma kwanza mabaya ndipo nayafikia mazuri. Akaiondoa sheli ile kwenye orodha yake ya sheli za kuaminika, ambayo sasa haina kitu.

Ndipo nikaangukia kwa Fundi Spea. Huyu ana banda lenye saruji, kalenda ukutani na kijana wa kumshikia tochi, na kila kitu kwake huisha kwa kununua kipya. Lakini alianza vizuri. Akafungua kifuniko cha tangi, akamulika ndani kutafuta kutu, hakuna. Akachomoa mpira wa mafuta kutoka kwenye kabureta, akafungua koki na kukinga kwenye kopo. Petroli ikatiririka bila kusita, akaiacha muda mrefu, ikaendelea kutiririka. "Njia ya mafuta ni safi kabisa," akatangaza, na alikuwa anasema kweli. Wakati wote huo kifuniko cha tangi kilikuwa juu ya benchi, kando ya soda yake.

Kama njia ni safi, na plagi ni mpya, na moto upo, nani amebaki? Nikajibiwa kwa sauti moja na fundi, kijana wa tochi, na mteja aliyekuja kuziba pancha.

Dukani niliuliza kabureta orijino. Muuzaji akaniuliza, kwa upole wa daktari, ninataka orijino gani. Kumbe kuna orijino ya kawaida, kuna orijino namba mbili, na kuna orijino yenyewe. Nikauliza tofauti ya orijino ya kawaida na orijino yenyewe. Akasema orijino yenyewe ina boksi. Nikanunua yenye boksi. Bei siitaji hapa kwa sababu mke wangu husoma safu hii.

Kabureta mpya ilifungwa, pikipiki ikawashwa mbele ya banda, ikaunguruma kwa raha mpaka watu wakageuka. Kwa nini isiungurume? Kifuniko kilikuwa bado kwenye benchi. Kikarudishwa baada ya mimi kulipa. Nikaondoka nikiwa nimenyoosha mgongo, nikapita Nanenane, nikakaribia Kingolwira. Mwembe uleule.

Chini ya mwembe huo kuna mama anayechoma mahindi. Kwa muda wote wa mateso yangu alikuwa ndiye mtu pekee aliyenufaika bila kunidanganya, maana huwezi kusimama kando ya jiko la mahindi na pikipiki iliyokufa ukaondoka bila kununua. Tulikuwa tumefikia hatua ya kujuliana hali za watoto.

"Shikamoo baba. Leo umewahi."

"Marahaba mama. Leo nina kabureta mpya."

Nikafungua kifuniko nitazame mafuta, jinsi ilivyo ada. Akaacha kupepea.

"Baba, samahani, mimi si fundi. Lakini hicho kifuniko mbona kila ukikifungua hapa kinalia fyuuu?"

Nikamwambia sijawahi kusikia. Akasema yeye husikia kila siku, kwa sababu mimi ninapofungua huwa ninalaani kwa sauti, na yeye huwa amenyamaza. Kisha akaniuliza kama nimewahi kumimina mafuta ya kula kutoka kwenye kopo lenye tundu moja. Yanatoka kidogo, yanakwama, yanagugumia, yanakataa. Ukitoboa tundu la pili upande wa pili, yanatiririka. Tundu la kwanza ni la mafuta kutoka, akasema, la pili ni la hewa kuingia. Hata mtoto akitumwa dukani analijua hilo.

Tukakigeuza kifuniko. Kina tundu lake la hewa, waliliweka wenyewe waliokitengeneza. Na juu ya tundu hilo, kimekaa vizuri, kimebana vizuri, kimekatwa kwa ustadi na kwa mapenzi, kulikuwa na kipande cha tyubu cha duara, kizima, hakina hata tobo la sindano. Zawadi ya fundi wa pancha.

Kila kitu kikajipanga. Petroli inashuka, hewa haiingii kuchukua nafasi yake, ndani ya tangi panabaki na mvuto unaoyang'ang'ania mafuta yasishuke, bakuli la kabureta linakauka, injini inakufa. Nikifungua kifuniko kutazama, hewa inaingia, fyuuu, ugonjwa unapona. Tangi likijaa, nafasi ya hewa ni ndogo, mvuto unakuja haraka. Likiwa nusu, unachelewa. Gerejini haikuzimika kwa sababu Fundi Spea alianza kwa kukivua kifuniko. Na kabureta, ile ya kwanza na hii ya boksi, zote zilikuwa zinakosa chakula, si zinakataa kula.

Mama akachukua kisu cha kumenyea, tukasogea mbali na jiko, maana petroli na mkaa hawajawahi kupatana, akatoboa katikati ya mpira kwa ncha. Pikipiki ikaenda Mikese na kurudi bila kusimama. Alinitoza bei ya muhindi tu, na kwa kazi hiyo alijipotezea mteja wa kudumu.

Nilirudi kijiweni, nikasimulia. Nilitegemea nini sijui. Fundi Waya akasema ndiyo maana alisisitiza usafi. Fundi Skrubu akasema alihisi tangu mwanzo kwamba kuna kitu cha hewa, ndiyo sababu alishughulika na skrubu ya hewa. Fundi Spea akasema kabureta mpya sasa imezoeana na injini. Shemeji akaniuliza mafuta haya ya sasa nimeweka sheli gani. Hata fundi wa pancha nilimwonyesha lile tobo. Akasikitika. Akasema nimemharibia mpira, akajitolea kunikatia mwingine.

Nimewawazia kwa utulivu, na siwaoni kuwa wezi. Tatizo ni bei zetu. Kwenye kijiwe kuna bei ya kufungua, bei ya kusafisha, bei ya kutyuni, bei ya kufunga na bei ya spea. Bei ya kutazama hakuna. Fundi akikaa na pikipiki yako nusu saa akiuliza maswali, kisha akakuambia toboa mpira, utamlipa nini? Utamlipa asante. Na watoto wake hawali asante. Lakini akimwaga nati kumi na mbili juu ya gunia, akajipaka masizi mpaka kwenye paji la uso, mfuko wako unafunguka wenyewe. Kwa hiyo kila ugonjwa lazima uwe wa kufungua, na kabureta ndiyo iliyo karibu.

Kwa faida ya wenye pikipiki za umri wa yangu, nitaorodhesha vipimo ambavyo hakuna atakayekuuzia. Ikikata njiani, legeza kifuniko cha tangi na usikilize. Chomoa mpira wa mafuta, fungua koki, kinga kwenye chupa kifuniko kikiwa kimefungwa, na uangalie kama mtiririko unapungua hadi matone. Kisha kifungue uone kama unarudi. Jaribu koki kwenye akiba, maana wakati mwingine chujio la ndani ya koki limeziba upande mmoja tu. Mwaga mafuta ya bakuli kwenye chupa utafute maji. Tazama chujio la hewa, usije ukakuta panya amejenga. Sailensa ikipanda yenyewe na kuchelewa kushuka, paka maji ya sabuni kwenye kiungo cha kabureta na injini, injini ikiwa inaunguruma. Mlio ukibadilika, hapo ndipo hewa inapoingia kwa wizi. Soma plagi rangi yake. Pikipiki iliyokaa muda mrefu na mafuta ya zamani, hapo ndiyo, jeti zitakuwa zimeganda utomvu, na kabureta inastahili kufunguliwa. Ifunguliwe mwisho, na kwa upepo, si kwa waya.

Wiki iliyopita umeme ulikatika mtaani wakati wa mechi. Jirani yangu akawasha jenereta, sote tukahamia sebuleni kwake. Ikaunguruma kipindi cha kwanza chote, kipindi cha pili kilipokolea ikaanza kukosa, ikavuta, ikakosa, ikakata. Chumba kizima kikatoa hukumu. Nikamwambia jirani kwamba kwenye kifuniko cha tangi la jenereta huwa kuna kiswichi kidogo cha kufungulia hewa, akitazame. Akanitazama kwa huruma, akampigia fundi simu.

Fundi akaja na sanduku lake. Alipokuwa ameinama anatafuta spana namba kumi, nikanyoosha mkono gizani, nikasukuma kile kiswichi, fyuuu. Fundi akainuka, akavuta kamba kwanza ili asikie ugonjwa. Jenereta ikawaka. Jirani akampa mkono, akampa hela, akampa na kiti cha mbele. Kisha akanigeukia mimi, mbele ya watu wote, akaniambia nimeona sasa faida ya kuwaachia kazi wenye ujuzi wao, na siku nyingine nisiguseguse vitu vya watu.